Kanuni za Mlangoni: Historia Fupi ya Haki ya Kuingia Makumbusho, Kutoka Tyseley hadi Ngomeni



Kila anapokuja mgeni kutoka nyumbani kututembelea hapa Birmingham, swali ni lile lile: twende wapi bila kumaliza pesa? Sisi tunaokaa upande huu wa jiji, Tyseley, Hay Mills, Small Heath na Sparkhill, jibu letu huwa maduka ya Bull Ring, kisha chakula, kisha nyumbani. Jumba la makumbusho na sanaa la jiji liko vituo viwili vitatu vya treni kutoka Tyseley, ukishuka Moor Street unatembea kidogo tu umefika. Lakini halitajwi. Ukiwauliza watu sababu, utaambiwa mambo mawili: "pale ni pa wenyewe" na "wana masharti mengi".

Nataka kuliangalia hilo la masharti. Sisi watu wa historia tumezoea kusoma mikataba, barua za mabalozi na daftari za forodha, lakini kibao cha mlangoni tunakipita kama ukuta. Hoja yangu ni kwamba kanuni za kuingia makumbusho ni nyaraka kamili za historia. Kila sharti lina tarehe yake, lina aliyelitaka na aliyeumizwa nalo. Ukilisoma vizuri linakuambia kitu kimoja: mwenye mlango alimtarajia mgeni gani, na nani hakumfikiria kabisa. Tena utaona kwamba baadhi ya yale tunayoyaogopa leo ni ushindi wa watu wa chini, na baadhi ya yale tusiyoyaona, hasa kule kwetu, ndiyo yenye maudhi.

NENO LENYEWE

Tuanze na neno, maana hapa wengi wetu ni watu wa lugha. Wazungu walilipata lao kwa Wayunani, nyumba ya miungu wa kike wa elimu na sanaa. Sisi tukalitengeneza letu kutokana na kukumbuka na kukumbusha: makumbusho. Ni neno zuri, kwa sababu linasema kazi ya mahali na wala halitaji utukufu wake. Lakini linaleta swali: nani anakumbushwa, na nani?

Waganda walilijibu swali hilo mapema. Makumbusho ya Uganda yalianza 1908 kwenye kilima cha ngome ya Lugard, Old Kampala, kabla ya kuhamia Kitante mwaka 1954. Vilivyokusanywa mwanzoni vilikuwemo vitu vya ibada za jadi, basi watu wakaliita jumba lile Enyumba ya Mayembe, yaani nyumba ya mapembe, nyumba ya vitu vya uganga. Mtawala aliona mkusanyiko wa elimu. Mwananchi akaona vitu vyenye nguvu vimefungiwa pamoja mahali pasipo mwenyewe. Hakuna aliyebandika kibao cha kumkataza Mganda asiingie. Jina peke yake lilitosha kumweka mbali.

TIKETI YA HUTTON

Sasa turudi Uingereza, maana tunadhani milango hii ilikuwa wazi tangu zamani. Haikuwa.

British Museum ilifungua mlango wake Januari 1759. Kwa maneno ilikuwa ya watu wote wenye kupenda elimu, bure. Kwa vitendo, uliyetaka kuingia ulipaswa kuandikisha kwa bawabu jina lako, kazi yako na unapokaa. Karatasi ikapelekwa kwa wakubwa, wakupime. Ukikubaliwa unarudi siku nyingine kuchukua tiketi, kisha unarudi tena siku ya kuingia. Fundi wa chuma anayelipwa kwa siku ataacha kazi mara tatu kwa ajili ya hayo? Kiingilio hakikuwepo, lakini mtu alilipa kwa muda wake, na muda ndio kitu ambacho maskini hana.

Mtu wa Birmingham ametuachia ushahidi. William Hutton, muuza vitabu na mwandishi wa historia ya mji huu, alikwenda London mwaka 1784 na akatamani kuyaona makumbusho yale. Hakuwa na nafasi ya kusubiri, akanunua tiketi kwa mtu kwa karibu shilingi mbili. Akaingizwa na kundi la watu kama kumi, wakapitishwa mbio chumba hadi chumba. Alipouliza kitu hiki ni nini, kijana aliyewaongoza akamkemea. Baada ya nusu saa hivi alikuwa barabarani. Mwaka 1785 alichapisha kitabu cha safari yake, na malalamiko yake yanaeleweka hadi leo: alionyeshwa hazina lakini hakuambiwa chochote, akatoka hana alichojifunza.

Zingatieni kwamba Hutton alikuwa mtu wa vitabu na mwenye mali. Kama yeye alifanyiwa hivyo, mshonaji viatu angefanyiwaje? Ni 1810 ndipo tiketi zilipoondolewa, na mtu yeyote mwenye mavazi ya heshima akaruhusiwa kuingia siku tatu za wiki. "Mavazi ya heshima" hayo nayo, bila shaka, yalipimwa na macho ya bawabu.

PENI MOJA, GESI NA JUMAPILI

Birmingham ilichukua njia yake. Sheria ya maktaba ya 1855 iliruhusu miji kutumia peni moja tu kwa kila pauni ya kodi ya majengo kwa ajili ya maktaba na makumbusho. Kwa peni hiyo utajenga nini? Mwaka 1867 jumba la sanaa la mji lilianza kama chumba kimoja ndani ya jengo la maktaba. Januari 1879 maktaba ikaungua.

Suluhisho lilikuwa la ujanja wa kibiashara. Chini ya meya Joseph Chamberlain, mji ulikuwa umenunua kampuni za gesi mwaka 1875, na idara ya gesi ilikuwa na faida na ilihitaji ofisi. Basi idara hiyo ikajenga: chini ofisi za gesi, juu nyumba ya sanaa. Ndugu wawili wenye kiwanda, Richard na George Tangye, walitoa pauni 10,000 mwaka 1880 za kununulia kazi za sanaa, kwa sharti kwamba mji ujenge mahali pa kuziweka. Jumba likafunguliwa Novemba 1885 na mwana wa mfalme. Kwenye ukuta wa kuingilia wakachonga maneno yanayosema, kwa Kiswahili changu, kwamba kwa faida za viwanda twaikuza sanaa.

Hapo ndipo mtu wa Pwani anaposimama na kusoma mara ya pili. Faida za viwanda gani? Birmingham ilikuwa mji wa shaba, waya, vifungo na bunduki, na bunduki zake ziliuzwa Afrika kwa wingi katika karne ya 18 na ya 19. Waya za shaba, pamoja na shanga na merikani, zilikuwa sarafu ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda bara. Hapa jirani yetu Hay Mills, kiwanda cha Webster na Horsfall kilivuta maili 30,000 za waya kwa ajili ya kebo ya simu ya Atlantiki iliyofanikiwa mwaka 1866. Miaka 13 baadaye, kebo ya aina hiyo ikafika Unguja kutoka Aden, na tangu hapo amri kutoka London ikamfikia balozi kwa muda mfupi. Sisemi kila peni iliyo ukutani ina damu. Nasema "bure" ya leo ililipiwa na wengi, na baadhi yao hawakuwahi kuiona Birmingham. Kwa hiyo mtu wa kwetu akiingia bila kulipa asijione kama amesaidiwa.

Kimojawapo cha vitu vya mwanzo katika mkusanyiko wenyewe kinasema hayo hayo. Ni Buddha wa Sultanganj, sanamu ya shaba yenye urefu unaozidi mita mbili na uzito wa karibu nusu tani. Wajenzi wa reli waliifukua Bihar, India, mwaka 1861. Samuel Thornton, mfanyabiashara wa vyuma vya reli na meya wa zamani wa Birmingham, akalipa pauni 200 kuisafirisha, akauzawadia mji mwaka 1864. Reli ilihitaji chuma, chuma kikauzwa na Birmingham, na mungu wa watu akarudi na mzigo.

Lakini tuwape haki yao. Mwaka 1872 Birmingham ilikuwa miongoni mwa miji ya mwanzo kufungua maktaba na jumba la sanaa Jumapili mchana. Leo hilo tunaliona dogo. Wakati ule lilikuwa vita. Wacha Mungu walisema ni kuivunja siku ya ibada. Wengine wakajibu kwamba mfanyakazi wa kiwandani ana siku moja tu ya mapumziko, na ukifunga siku hiyo umemfungia maisha yake yote. Makumbusho ya taifa kule London yalikubali Jumapili mwaka 1896 tu. Kwa hiyo ukiona saa za kufungua zimebandikwa mlangoni na Jumapili imo, jua kwamba mstari huo mmoja ulipiganiwa kwa miaka mingi.

Na kiingilio nacho hakikutulia. Mwaka 1974 serikali ilitoza watu kuingia makumbusho ya taifa kwa miezi michache tu, kisha ikafutwa. Miaka ya 1980 baadhi ya makumbusho hayo yakaanza tena kutoza. Desemba 2001 bure ikarudi. Makumbusho ya Birmingham si ya taifa, ni ya jiji, na jiji lenyewe Septemba 2023 lilitangaza kwamba limeishiwa. Bure ni uamuzi wa kisiasa, na uamuzi huweza kubadilishwa. Jumba lisilo na wageni ni rahisi zaidi kulitoza au kulifunga.

BEGI LAKO

Sharti linaloudhi watu kuliko yote ni la mkoba. "Kwa nini wanikague, mimi mwizi?" Hebu tulitafutie tarehe yake.

Machi 1914 Mary Richardson, mmoja wa wanawake waliodai haki ya kura, aliingia National Gallery ya London na kuichanja picha ya Velázquez. Tarehe 9 Juni mwaka huo huo Bertha Ryland aliingia jumba la sanaa la Birmingham akiwa ameficha kishoka, akaikatakata picha ya mvulana iliyochorwa na George Romney. Jumba likafungwa kwa muda. Nchi nzima wakubwa wa makumbusho wakaanza kuogopa kila kitu kinachoweza kuficha silaha: miavuli, fimbo, vifurushi, hata mifuko ya manyoya ya kupashia mikono. British Museum ikaenda mbali zaidi: mwanamume aingie kama kawaida, mwanamke aingie akiwa na mwanamume, au awe na barua ya mtu wa heshima anayemdhamini.

Someni tena hiyo kanuni ya mwisho. Wanawake walikuwa wanadai kuhesabiwa kuwa watu wazima wenye kura. Jibu la mlangoni likawa kuwarudisha kuwa watoto wa kushikwa mkono. Kibao kimoja kinaeleza mgogoro wote kuliko hotuba za bungeni.

Na historia haijafika mwisho. Oktoba 2022 vijana wa harakati za mazingira walimwagia supu picha ya maua ya Van Gogh kule National Gallery. Oktoba 2024 jumba hilo likapiga marufuku kuingia na vinywaji, isipokuwa maziwa ya mtoto na dawa. Baada ya miaka mia na zaidi, ni mchezo ule ule: mwandamanaji anajua picha ndiyo mahali ambapo jamii inaumia, na mlinzi anajua njia ya kuifikia ni mkoba. Kwa hiyo ukiombwa ufungue begi, usidhani ni kwa sababu ya rangi yako. Ikiwa wewe peke yako ndiye unayeombwa, hapo ndipo ulalamike, na kwa maandishi.

USIGUSE

Masharti ya kutogusa, kutopiga flashi na vyumba kuwa na giza ni ya aina nyingine. Haya hayatokani na siasa bali na sayansi, na ni vizuri tuwaeleze watoto badala ya kuwavuta mkono. Kidole kina mafuta na chumvi. Kwenye shaba au jiwe alama yake hubaki na kula polepole, na vidole laki moja ni sawa na patasi. Mwanga hula rangi. Kila aliyeanika kanga kwenye jua la Mombasa anajua hilo bila kufundishwa. Michoro ya rangi za maji, nguo na karatasi huwekewa mwanga wa laksi 50 hivi, yaani kama chumba chenye taa hafifu. Hawabani umeme, wanahesabu miaka.

Lakini kabla hatujawashangaa Wazungu kwa "usiguse" yao, tukumbuke kwamba sisi tunayo ya zamani na kali zaidi. Wagiriama husimamishia marehemu wa chama cha Gohu vigango, nguzo za mbao zilizochongwa. Kanuni yake inajulikana: kigango kikishasimamishwa hakisogezwi. Hata watu wakihama boma, kinabaki pale pale mpaka kiozee mahali pake. Hiyo ni kanuni ya mgeni na mwenyeji kwa pamoja, tena bila kibao.

Tunajua kilichotokea. Kuanzia miaka ya 1970 vigango viliibwa kwa wingi, vikauzwa kwa watalii na madalali, na vikaishia katika makumbusho na nyumba za matajiri Marekani, vikiitwa sanaa. Mtaalamu wa anthropolojia Monica Udvardy alikuwa amempiga picha mzee mmoja mbele ya vigango viwili vya nduguze mwaka 1985. Baadaye akagundua kwamba kimoja kiko kwenye makumbusho ya Illinois, na cha pili kikaonekana Chuo Kikuu cha Hampton. Vyote viwili vilirudi Kenya mwaka 2007. Makumbusho ya Denver nayo yalirudisha 30, vikafika mwaka 2019. Fikirini kinyume hicho: huko ng'ambo kila kigango kilikuwa na kibao chini yake kinachomkataza mgeni kugusa, na chenyewe kilikuwa pale kwa sababu mtu alivunja kanuni ya kutosogeza. Kanuni moja ililindwa, nyingine ikakanyagwa. Tofauti ni nani mwenye mlango.

KWETU JE?

Sasa tuende nyumbani, maana ni rahisi kuwachambua majirani.

Ngome ya Mombasa, Fort Jesus, au Ngomeni kama tusemavyo, ilianzwa na Wareno 1593. Waomani waliitwaa 1698 baada ya kuizingira karibu miaka mitatu. Waingereza wakaifanya jela kuanzia 1895 hadi 1958, na 1962 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Mlango ni ule ule. Kwa zaidi ya miaka 60 kanuni zake zilihusu nani asitoke. Baada ya miaka minne tu zikawa zinahusu nani aingie. Mzee wa Mji wa Kale aliyemjua mtu aliyefungwa mle hakuhitaji kuelezwa kwa nini watu wengine hawakupenda kuingia hata walipokaribishwa.

Nairobi, makumbusho ya Coryndon yalifunguliwa 1930. Historia inayotolewa na taasisi yenyewe inasema ni katika miaka ya 1940, chini ya Louis Leakey, ndipo Wahindi na Waafrika walipofunguliwa milango kwa kiingilio kidogo. Maana yake ni kwamba kwa miaka zaidi ya kumi ndege wa Kenya, mifupa ya Kenya na ngoma za Kenya zilikaa ndani, na Mkenya mweusi nje. Jina likabadilika kuwa Makumbusho ya Taifa baada ya uhuru, 1964.

Leo Kenya na Tanzania viingilio vimepangwa kwa madaraja: raia hulipa kidogo, mgeni wa nje hulipa zaidi sana. Mimi naliunga mkono hilo kwa msingi wake. Mtalii aliyelipa ndege anaweza kumchangia mtoto wa shule wa Likoni, na ni haki yake mtoto huyo aione ngome ya mji wake kwa shilingi chache. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wahenga walisema.

Tatizo ni pale kaunta inapouliza pasi badala ya kuuliza mtu. Kuna mtu aliyezaliwa Kibokoni, akasoma hapo, akazika wazazi wake hapo, kisha akachukua pasi ya Uingereza kabla ya 2010, wakati Kenya haikuruhusu uraia pacha. Kama hajaomba kurudishiwa uraia, atalipa kama mtu wa Sydney. Mtanzania yuko pabaya zaidi, kwa kuwa nchi yake bado haijakubali uraia pacha. Ninawajua kadhaa humu ambao wamesimama pale na watoto wao, Kiswahili chao kizuri kuliko cha karani, na karani akasema, "Samahani mzee, rate ya wageni." Pesa siyo nyingi. Kinachouma ni neno. Birmingham mgeni anaingia kama mwenyeji. Nyumbani mwenyeji anaingia kama mgeni. Simlaumu karani, anafuata kibao. Lakini kibao kinaweza kuandikwa upya. Kingeweza kusema: aliyezaliwa hapa ni wa hapa. Cheti cha kuzaliwa kinatosha.

Tena iko kanuni moja inayofuta nyingine zote, nayo ni "pamefungwa". Jumba la Birmingham lilifungwa 2020, kwanza kwa korona, kisha ikabidi nyaya za umeme za jengo zifumuliwe. Likafunguliwa kwa sehemu 2022, likafungwa tena, na Oktoba 2024 likaanza kufunguliwa upya sehemu baada ya sehemu. Mwaka ule ule wa 2020, tarehe 25 Desemba, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sayyid Barghash la 1883, ilianguka Unguja na watu wawili wakafa. Jumba lilikuwa limefungwa kwa wageni kwa miaka kadhaa kwa sababu ya ubovu. Nyumba mbili, umri unaokaribiana sana, moja ikafungwa ili itengenezwe, nyingine ikafungwa mpaka ikaanguka. Jamani, tusipotunza kuta tutabaki tunabishana juu ya kiingilio cha kifusi.

PENDEKEZO: TUANDIKE KWA KISWAHILI

Nimalizie kwa jambo la vitendo. Napendekeza sisi tulio hapa tuandike maelezo ya mgeni kwa Kiswahili na kuyasambaza misikitini, makanisani na kwenye vyama vyetu. Kazi hiyo ina uzito wake wa lugha. Kiswahili cha vibao tulikirithi kwa serikali ya mkoloni: "Ni marufuku", "Hairuhusiwi", "Atakayekiuka atashtakiwa". Ni Kiswahili cha jela na cha reli. Ndani ya nyumba ya Mswahili hakuna anayesema hivyo. Mtu anapiga hodi, anaambiwa karibu, anavua viatu kwa sababu ameona wenzake wamevua, na mtoto akishika kitu anaambiwa, "Mwanangu, hicho cha bibi." Rasimu yangu ni hii, mnisahihishe:

Karibuni. Kuingia jumba kuu la sanaa la Birmingham ni bure. Maonyesho machache maalum yana tiketi. Sanduku la mchango lililopo ni la hiari, asione haya asiyenacho.

Kutoka Tyseley pandeni treni ya Moor Street, kisha tembeeni mpaka Chamberlain Square. Kabla ya kuondoka hakikisheni siku na saa kwenye tovuti yao, maana tangu 2024 baadhi ya vyumba bado vinafunguliwa hatua kwa hatua.

Mabegi makubwa yaacheni nyumbani. Chakula na vinywaji ni vya mkahawani. Picha mnaweza kupiga kwa matumizi yenu, ila zimeni flashi, na pale penye alama ya kukataza tuheshimu. Anayetaka kuchora achore kwa penseli, wino ukimwagika haurudi. Tusiguse: si kwamba mikono yetu ni michafu, ni kwamba tuko wengi na vitu vinataka kuishi.

Ulizeni maswali. Walinzi wengi wanajua mengi na hupenda kuulizwa; siku za Hutton zimepita. Wenye kutaka kujua kama kuna vitu vya Afrika Mashariki katika ghala waandike kwa wahifadhi. Sehemu kubwa ya mkusanyiko haimo ukutani, imo kwenye ghala la Nechells, na yako mapatano ya kuutembelea kwa miadi. Picha za kazi zao zilizopitwa na haki ya mwandishi wameziachia hadharani tangu 2018, kila mtu azitumie, na walimu mnaweza kuanza nazo kesho.

Wasio na nguvu za kwenda mjini wana Blakesley Hall hapa jirani Yardley, nyumba ya mbao ya 1590, ambayo hutoza kiingilio na hufunguliwa siku maalum tu. Na wapenda reli wanayo karakana ya Tyseley yenyewe, iliyoanza na Great Western mwaka 1908, yenye injini za mvuke zinazotunzwa na kuendeshwa. Ile ni sehemu ya kazi, kwa hiyo subirini siku zao za kufungua, vaeni viatu vya kufunika, na watoto wasiachiwe mkono.

Hayo ndiyo maelezo. Ni machache, na kila mstari umetoka mbali. Wazee wa mji huu waligombana miaka ili fundi aingie Jumapili. Wanawake walizuiwa mlangoni kwa kudai kura. Kwetu watu walikaa nje ya nyumba yenye vitu vyao wenyewe. Baada ya yote hayo, sisi tulio kwenye treni ya Tyseley tukiupita mlango ulio wazi kwa kuogopa kibao, tutakuwa tumejiwekea wenyewe sharti ambalo hakuna aliyeliandika.

Naomba kuwasilisha. Wenye kumbukumbu za viingilio na kanuni za Lamu, Unguja, Dar na Kampala tangu zamani, tafadhali zileteni hapa, hasa wenye tiketi za zamani kwenye madroo.